Wifi Yangu Ana Sukari

Jumatano, Aprili 2

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na hata kwa wale wasiohusika ila wanapenda kujua, kwamba kijiko cha sukari kilichonitumikia tangu nijue kukoroga chai kimestaafu leo asubuhi. Kimestaafu kwa heshima zote, bila hotuba wala kiinua mgongo. Nimekikausha kwa kitambaa safi na kukilaza kwenye droo ya cherehani, kati ya bobini na mkasi. Hakikupinga.

Sababu ni daktari. Kasema damu yangu "iko mpakani", utadhani mimi ni lori la mizigo linalosubiri kugongewa muhuri. Nikitoka likizo nirudi anipime tena. Akikuta sijavuka, niendelee na maisha yangu. Akikuta nimevuka, naanza dawa. "Na huko likizo," akasema bila kuinua macho, "ujiangalie." Kazi yangu ni kuangalia viuno vya wengine. Kujiangalia mwenyewe ni ufundi mpya.

Kesho tunaondoka: Kaka, mkewe, binti yao na mimi. Nyumba ya kupanga kando ya ziwa, mpaka shule zifunguliwe.

Alhamisi, Aprili 3

Tumefika. Mvua ilifika kabla yetu.

Ijumaa, Aprili 4

Kwa faida yangu nitakapoyasoma haya uzeeni, niwaweke watu mahali pao.

Kaka anauza matairi, na moja kalivaa kiunoni. Imani yake ni kwamba chakula cha likizo hakiingii mwilini. "Likizo ni likizo," husema, akiwa amesimama mbele ya kabati, mlango wazi, mkono ndani. Wifi, mkewe, ni matroni wa bweni la wasichana. Kazoea watu wanaoficha vitu chini ya godoro, kwa hiyo akikutazama tu unajikuta unatafuta la kukiri. Binti yao tunamwita Kidomo tangu hajaota meno. Sasa anasubiri kuingia chuo, na mdomo umetangulia. Mpishi yeye alikuja na nyumba, kama viti. Mzee mkavu, maneno machache, mafuta mengi. Hukaanga kila kitu. Tukimwachia vitasa vya milango, atavikaanga.

Leo nikiwa chumbani natundika nguo, nilimsikia Wifi akimvuta Mpishi kando.

"Wifi yangu ana sukari. Uwe macho."

"Ana sukari?"

"Anayo. Na usimwambie kwamba nimekuambia."

Mzee akaguna kama mtu aliyekabidhiwa siri ya nchi.

Jumamosi, Aprili 5

Nimepewa meza yangu. Ni kile kimeza cha dirishani cha kuwekea chungu cha ua. Ua limeshushwa sakafuni ili mimi nipate nafasi.

"Hapa ndipo pako, wifi," akasema Wifi, akanivutia kiti kwa upole wa muuguzi.

Kwenye sahani: yai la kuchemsha, kipande cha mkate mkavu, na kabichi lililochemshwa mpaka likakiri makosa yote.

"Na wale wanakula nini?"

"Usiangalie huko."

"Siangalii. Nanusa."

Walikuwa na kuku wa kukaanga, viazi vya kukaanga, na mkate ambao nao ulikuwa umekaangwa, sijui kwa kosa gani. Kaka alipopita kwenda kunawa alinyoosha uma aonje kabichi langu.

"Baba! Hicho ni cha mgonjwa!" Kidomo akapiga kelele.

Kaka akaurudisha uma haraka, kama umeungua.

Kabichi sina ugomvi nalo. Kilichoniuma ni kwamba walipokuwa wakicheka huko mezani, wakikumbuka kuwa nipo, walishusha sauti.

Jumapili, Aprili 6

Mvua. Kabichi.

Jumatatu, Aprili 7

Mvua. Kabichi. Kaka kaniambia "pole sana, mdogo wangu" huku mdomo umejaa viazi. Nimeelewa "pole" tu. Mengine nimekisia.

Jumanne, Aprili 8

Leo nimehama. Nilibeba sahani yangu, nikalirudisha ua juu ya kimeza, nikaenda kuketi kwenye meza kubwa kati ya Kaka na chupa ya maji.

"Wifi, umekosea njia," akasema Matroni.

"Nimeipata."

"Daktari kasema..."

"Daktari kasema nijiangalie. Hakusema nijitenge. Kuanzia leo nakula hapa, kilichopikwa hapa, na kiasi changu nakipima mwenyewe. Nimepima mabega ya watu maisha yangu yote, wali hautanishinda."

Kaka akagonga meza kwa furaha. "Haya ndiyo maneno! Mletee viazi huyu! Viwili! Vitano!"

"Na wewe nyamaza," nikamwambia. "Sijatoka kwa askari ili niingie kwa mlevi."

Nilichukua paja la kuku, nikalivua ngozi yake ya mafuta, nikalila na kabichi. Viazi nilionja kimoja, kizima, kwa kukitafuna. Kimya kilikuwa kizito, lakini nilikuwa ndani yake pamoja nao.

Alhamisi, Aprili 10

Sukari ya nyumba imepotea, kopo na vyote. Kaka kanywa chai isiyo na sukari kwa uso wa mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Mimi sikupoteza kitu, nikaongeza na tangawizi. Nikamwona Mpishi ananitazama. Alipoona nimemwona, akautazama mkoba wangu.

Jumamosi, Aprili 12

Nina mbavu zinazouma, na sababu yake lazima iandikwe yote.

Asubuhi mvua ilipopumzika nilinunua samaki wawili wakubwa kwa mama mmoja anayeuza barabarani, nikaenda jikoni kumwomba Mpishi, kwa mara moja tu katika maisha yake, asikaange. Nikamkuta kaziba mlango, mwiko mkononi.

"Huingii."

"Kwa nini, mzee?"

"Jiko hili lina vitu vya watu."

"Mimi nina samaki tu."

"Samaki na nini?"

"Na ndimu."

"Na nini tena?"

"Na njaa. Mzee, una nini?"

Akashusha pumzi ndefu. "Fundi, mimi ni mtu mzima. Wageni wa nyumba hii wamenichukulia taulo. Wamenichukulia vijiko. Mmoja alinichukulia bomba la bafuni, mpaka leo sijui alilivaa wapi akatoka nalo. Nimenyamaza. Lakini sukari ya chai! Rudisha, yaishe."

"Sukari gani?"

"Uliyonayo."

"Nani kasema ninayo?"

"Mama mwenyewe! Kaniita kando, kaniambia, 'Wifi yangu ana sukari, uwe macho.' Nikasema labda kaja na yake ya safari, hainihusu. Siku chache tu, kopo halipo. Wewe ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

Ilibidi nikae juu ya ndoo. Nilicheka mpaka samaki mmoja akaanguka.

"Mzee, sukari yangu iko kwenye damu."

Akanitazama kutoka unyayo mpaka kitambaa cha kichwa. "Kwenye damu? Kopo zima?"

"Hata kijiko haifiki. Lakini daktari kaiona."

Mwiko ukashuka. Aibu ikampanda mzee wa watu. "Na mimi nimeupekua mkoba wako."

"Ukakuta nini?"

"Futi ya kupimia na pini."

"Basi umeiona mali yangu yote."

Hapo ndipo tulipogundua kwamba Wifi kasimama nyuma yetu, kimya kama kawaida ya kazi yake.

"Kopo liko kwenye sanduku langu," akasema, macho ukutani. "Chini ya mashuka. Nilijua kuna mtu atashindwa kujizuia."

Matroni kaficha kitu kwenye sanduku! Wale wasichana wa bwenini wangechangishana nauli waje kuona.

Jumapili, Aprili 13

Namdai Mpishi radhi, na mimi ni mtu wa kudai palepale. Nimemwambia nataka samaki wangu wa jana kwa mkaa, bila mafuta.

"Bila mafuta?" Ungedhani nimemwomba apike bila suruali. "Watashikamana."

"Wakishikamana tutawaachanisha."

Tuliwachana migongo, tukawapaka ndimu, kitunguu saumu, pilipili na chumvi ya kubana kwa vidole. Mvua ikigonga bati, sisi tukipepea mkaa chini ya upenu. Ngozi ikaanza kupasuka na kutoa ile harufu inayomfanya mtu asahau alikuwa anasema nini. Mboga za majani tukazigeuza haraka motoni, zikatoka zikiwa bado zinajua jina lao. Wali nilipakua kiasi cha ngumi yangu, kisha nikala kwa mkono, polepole, nikilamba vidole mbele za watu bila kumwomba mtu ruhusa.

"Hebu nionje," akasema Kaka.

Alionja mpaka mifupa.

Jumanne, Aprili 15

Mvua imekatika mchana, nikaenda kutembea kando ya maji na Kidomo, viatu mkononi, matope mpaka vifundoni.

"Shangazi, kwani wewe hutamani?"

"Natamani kila kitu."

"Sasa mbona huli kila kitu?"

"Nakila, lakini si vyote kwa pamoja. Muulize baba yako jana alikula nini baada ya chakula."

"Biskuti."

"Zilikuwa na ladha gani?"

Kidomo akafikiri, jambo ambalo si kawaida yake. "Alikuwa anaongea na simu."

"Basi hakula. Alijaza."

Sketi yangu inazunguka kiunoni. Nimeitia pini. Sijamwambia mtu, nimekuandikia wewe daftari.

Alhamisi, Aprili 17

Kidomo kaichoka mvua, kaoka keki. Nikakata kipande kimoja, nikakiweka kwenye sahani, nikaketi.

"Wifi."

"Naam."

"Hiyo ni keki."

"Naiona."

"Ina sukari."

"Na mimi ninayo. Tutafahamiana."

Nilikila chote, mchana kweupe, uma mmoja baada ya mwingine. Pembe iliyoiva zaidi niliibakiza mwisho, maana ndiyo yenye ladha ya ganda la limau. Sikuongeza cha pili wala sikuomba msamaha kwa cha kwanza. Wifi alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

Jioni Kaka kaniletea suruali. "Mdogo wangu, hebu nilegezee kiuno kidogo."

"Sikuja na sindano."

Ninazo boksi zima sandukuni.

Jumamosi, Aprili 19

Mvua ya kutwa. Nimejifungia chumbani.

Tulikuwa tumemaliza kula. Kaka akafuta mdomo, akakohoa kile kikohozi chake cha mwenyekiti wa kikao.

"Mdogo wangu, tumekaa."

Anayejua lugha yetu anajua kwamba familia ikishakukalia namna hiyo, kuna kitu chako kinahama.

"Tumekaa, tumeona, kwamba majibu yako yakitoka mabaya, kile chumba cha mbele tumpangishe yule kijana anayetengeneza simu. Wewe uje kwetu. Chumba kipo. Wifi yako atakuangalia."

Chumba cha mbele ndicho cherehani yangu ilipo. Nyumba ni ya marehemu mama, yetu sote wawili, kwa hiyo Kaka ana sauti pale, na anaijua.

"Mmekaa lini?"

"Tulikaa tu, siku ile."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekwenda kutembea."

"Kwa hiyo mlikaa kwa sababu nilisimama."

Kidomo akacheka puani, akatumwa jikoni kufuata kitu ambacho hakuna aliyekihitaji.

"Na cherehani itakwenda wapi?"

"Cherehani?" Kaka alionekana hakuifikiria kabisa. "Utakuwa unapumzika."

"Nipumzike nikifanya nini?"

Akamtazama mkewe. Mvua ikaongea juu ya bati.

Nilikiona chumba chao chote kabla hata ya kupelekwa. Kitanda kilichotandikwa kibweni, pembe za shuka kali kama bahasha. Sahani yenye mfuniko. Hodi ya dawa. Wageni wakija, nasalimiwa mlangoni kwa sauti ya chini. Hakuna mwanamke atakayeingia na kitambaa kwapani aniambie mumewe kamuudhi, nimshonee kitu cha kumkomesha. Wangenitunza vizuri, najua. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko dawa.

Nikasema, na nayaandika hapa kama nilivyoyasema ili nisije nikajisingizia ushujaa zaidi: "Sikilizeni. Nakula vizuri kwa sababu naitaka miguu yangu, nakanyagia cherehani. Sili vizuri ili nifaulu mtihani wenu. Majibu yakitoka mazuri, nakaa pale. Yakitoka mabaya, nakaa palepale, nameza dawa, nashona. Huyo kijana wa simu atafute kwingine."

"Huo ni ukaidi," akasema Kaka.

"Ndiyo. Nao hauna sukari."

Wifi akainuka kukusanya sahani. "Hujui unachosema," akaniambia. Sauti haikuwa ya matroni. "Hujui inavyokwenda." Akaondoka, akaacha uma mmoja mezani, yeye ambaye haachi kitu.

Jumapili, Aprili 20

Nimekula asubuhi, mchana na jioni. Sitawapa nafasi ya kusema nimesusa.

Jumatatu, Aprili 21

Alfajiri nilimkuta Wifi kwenye veranda, anatazama ziwa. Nikakaa. Hatukusalimiana kwanza, tuliachia mvua itusalimie.

"Mama yangu alikuwa nayo," akasema.

Nilijua alikufa. Alikufa na nini, miaka yote hii sikuwahi kuuliza. Mimi ninayejua hata kipimo cha kifua cha Wifi!

"Ulianza mguu. Halafu macho. Mimi ndiye niliyempikia. Chakula chake mbali, chumbani kwake, ili asitamani vyetu. Sikukosea hata siku moja, wifi. Hata siku moja."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema asante. Zamani alikuwa mcheshi, yule mama. Akikaa mezani hakuna anayemeza bila kupaliwa."

Yeye akaendelea, taratibu, "Uma wako ukigusa keki, mimi naona mguu."

Muda wote huu nimemwandika humu kama askari. Kumbe ni mtu mwenye hofu tu, na hofu yake imevaa sare. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Leo ukae karibu yangu. Kama ni kunilinda, nilinde ukiwa unakula."

Jumanne, Aprili 22

Jana na leo kakaa kulia kwangu. Kachota mboga kwenye sahani yangu. "Zina kitunguu saumu," kwa sauti ya kushtaki. Akaongeza.

Jumatano, Aprili 23

Mvua. Samaki. Wifi kasimulia kichekesho cha mama yake na mchungaji. Kaka kapaliwa.

Ijumaa, Aprili 25

Chakula cha mwisho. Mpishi kachoma kila kitu kinachochomeka, mpaka mananasi, na anazungumza kuhusu mkaa kama mtu aliyeuvumbua. Wali, kuku bila ngozi, maharage, mboga. Keki pia ilikuwepo.

Kaka akakohoa kikohozi chake. "Kuhusu lile suala. Kama majibu yakitoka mabaya..."

"Cherehani isiguswe," akasema Wifi.

Kaka akageuka polepole, kama mtu aliyeitwa na kabati. "Lakini si tulikaa?"

"Tumesimama."

"Wewe ndiye uliyesema chumba kipo!"

"Kipo. Weka matairi yako." Kisha akanigeukia mimi, na jicho la bweni likarudi mahali pake. "Lakini kila Jumapili nakuja kula kwako. Na nitatazama sahani."

"Karibu. Na kabichi usilete."

"Nitaleta mbichi. Utalipika unavyojua."

Kaka akatutazama sote wawili, akaona hana kura, akavuta keki. Wifi akampa sahani. "Kaa kwanza," akamwambia. Akakaa.

Jumamosi, Aprili 26

Tumerudi. Chumba cha mbele kina harufu ya mvua na mafuta ya cherehani. Mteja wa kwanza aligonga kabla sijavua viatu.

Jumatatu, Aprili 28

Leo ndiyo leo. Sijala tangu jana usiku, kwa amri ya daktari. Nimevaa gauni la kijani, nimelipunguza kiunoni mwenyewe, mshono hauonekani. Nilikusudia kwenda peke yangu. Wifi alikuwa tayari mlangoni, mkoba kifuani. Kaka akaja na gari, akasema anapita njia hiyo hata hivyo, wakati duka lake liko upande wa pili wa mji.

Tulikaa kwenye benchi sote watatu. Kaka alikuwa anazungusha funguo. Wifi alinishika mkono, akauachia, akaushika tena. Niliyasema yote kichwani kabla ya kuitwa: nikiambiwa nimevuka nitasema asante na kwenda kununua dawa, nikiambiwa sijavuka nitasema asante na kwenda kununua samaki.

Dirisha la maabara likafunguliwa. Nikaitwa. Tukainuka watatu. Nikampa muuguzi karatasi ya daktari, akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, akanirudishia.

"Mpimaji yuko likizo," akasema. "Urudi akirudi."